Usiku mmoja kwenye boti, Mto Ugalla, na msiba niliokatazwa kumwambia baba

Wakuu habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, uzi sijawahi kuanzisha. Hata darasani nikijua jibu huwa sinyooshi mkono, naandikaga tu mambo yangu kwenye daftari nyumbani. Ila hili nimeliandika mara nyingi na bado halitulii, nikaona nililete kwenu.

Nipo form three, naishi Katumba, huku Mpanda. Nitakachosema kimetokea kweli. Jina tu ndo nimebadilisha, niiteni Neema. Wa kwetu akinitambua naomba anistiri.

Baba yangu anarina asali. Tumbaku ikishauzwa anaingia porini upande wa Mto Ugalla na wenzake wa kikundi, wanakaa kambini wiki na wiki. Kule network hakuna kabisa. Na mvua zikiwa zimenyesha sana barabara inakufa, ukimtaka mtu unamfuata kwa maji.

Anayeendesha boti ya kikundi ni baba mdogo, yaani mdogo wake baba wa kuzaliwa tumbo moja.

Msije mkafikiria boti za watalii. Ni kiboti cha fibre cha mtumba, kilitolewa ziwani kule Ikola kikaletwa na lori. Mbele kina kikabini cha kujibanza, mabenchi mawili yanatazamana, mkikaa magoti yanagusana. Kidirisha kimoja hakifungi. Mashine iko nyuma. Ndani kunanuka petroli na asali mpaka nguo zinakunywa ile harufu.

Sasa tuje kwenye tukio.

Bibi alifariki asubuhi. Bibi ni mama yao baba, baba mdogo na shangazi. Alikunywa uji, akakaa kuchambua maharage, akasema anasikia baridi, akajilaza. Nilikuwa naye mimi. Nikaenda kumfunika kanga nikaona hapumui.

Watu wakajaa. Maziko yakapangwa kesho yake mchana, lakini baba ndo mtoto wa kwanza, haziki mtu bila yeye.

Hapa lazima nieleze kidogo, ingawa najua wengi humu mnaijua hii. Kwetu mtu aliye mbali hapewi habari ya msiba akiwa njiani. Anadanganywa mpaka afike, akalishwe, wazee wawepo, na wa kumshika wawepo. Ndo anaambiwa.

Na hii njia yenyewe ni maji, yenye viboko na mamba.

Shangazi alisema wazi pale uani, "Mkimwambia kwenye maji atajirusha. Tutachimba makaburi mawili."

Shida ni kwamba ule uongo wa "mama anaumwa kidogo, anakuita" umeshazeeka. Mtu mzima ukimwambia hivyo anaanza kulia hapo hapo. Na akiona wanaume wa ukoo wamekuja kumfuata anaelewa.

Ndo baba mdogo akasema, "Nimchukue Neema. Nitamwambia kaka mtoto kafukuzwa shule, mkuu anamtaka mzazi kesho asubuhi bila kukosa."

Shangazi akaniangalia. "Huyu sawa. Huyu hata umfinye hasemi."

Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji, nikapokonywa, nikapandishwa bodaboda mpaka mtoni.

Kushuka mto ni haraka, maji yanakusukuma. Baba mdogo njia nzima alikuwa anapiga mluzi. Ananionyesha ndege, ananionyesha mamba kalala kwenye mchanga, "Muone huyo, mvivu kama mwalimu wenu wa hesabu." Nikawa namshangaa moyoni. Mama yako kalala ndani kafunikwa shuka, wewe unapiga mluzi?

Hilo swali sikumuuliza. Kumbukeni mimi ni yule asiyesema.

Tulifika kambini jua linazama. Baba aliponiona alicheka kwa sauti, sijawahi kumuona anacheka vile. "Neema! Nani kakuleta huku kwa nyuki?"

Baba mdogo akashuka akasema habari yake, kafukuzwa, mzazi anatakiwa.

Kicheko kikazimika.

"Kafanya nini?"

"Atakwambia mkuu wa shule, kaka. Mimi nimetumwa tu."

Wakuu, wale wanaume wote waliokuwa pale kwenye moto wakaangalia tumbo langu. Wote. Mmoja akaguna, "Mmh, watoto wa siku hizi." Nilitamani mto unimeze.

Baba akageukia mizigo yake. Akakunja nguo zake, akabeba ndoo ndogo ya asali akaifunga vizuri na nailoni. "Hii ya mama," akamwambia baba mdogo. Baba mdogo akaipokea akageuka haraka kuiweka kwenye kabini. Akakaa mle ndani muda, kama vile ndoo ina kazi kubwa.

Kwa kawaida usiku hawatembei mtoni. Baba alishangaa, "Shule tu ndo tusafiri usiku?" Baba mdogo akamjibu mkuu kasema saa moja na nusu awe ofisini. Tukaondoka.

Kupanda mto sasa ni kazi nyingine. Mashine inanguruma, boti inatambaa. Mwezi ulikuwepo, baba mdogo anamulika na tochi kubwa. Baba kakaa kwenye kabini, mimi benchi la pili. Baba mara atoke nje, mara arudi, mara afungue mdomo aufunge. Mimi mikono naiweka hapa, naitoa, naiweka pale. Usingizi hakuna.

Mbele kidogo mto ukawa mwembamba, na pale wakawepo viboko. Tunasikia wanavyokoroma majini, tochi ikipiga unaona macho. Baba mdogo akazima mashine. "Hapa hatupiti. Tufunge kwenye mti mpaka kupambazuke."

Ikabidi wote tukae kwenye kile kikabini. Mbu wa kutosha. (Kuna mdau kaniuliza inbox kama boti ina choo. Haina mkuu, kuna ndoo, na sitaki kuizungumzia.)

Samahanini, simu ilizima chaji. Naendelea.

Mashine ilipozimwa ndo baba akaanza.

"Ni mimba?"

Nikainama nikaangalia sakafu ya boti.

"Nakuuliza wewe. Ni nani? Ni wale wa bodaboda wa pale stendi?"

"Kaka, muache mtoto alale," baba mdogo akasema.

"Wewe nyamaza! Wewe ndo umezidi kuwachekea hawa watoto. Leo chipsi, kesho soda, matokeo yake haya."

Baba mdogo akageuka akawa anaangalia nje kupitia kidirisha.

Kilichoniuma si kutukanwa. Ni kwamba nilikuwa na jibu mdomoni, fupi tu, na nimekatazwa. Nikisema sina mimba, ataniuliza sasa kwa nini umefukuzwa. Nikisema sijafukuzwa, ataniuliza sasa mmenifuata nini. Kila mlango ukiufungua unatokea kwa bibi.

Baba akaendelea, sauti imeshuka sasa, na ikishuka ndo mbaya zaidi.

"Kesho kabla ya walimu nakupeleka kwa mama. Utapiga magoti mbele yake umwambie kwa mdomo wako. Yule mama amelima mashamba ya watu ili mimi nivae viatu vya shule. Mimi simwambii. Utamwambia wewe."

Baba mdogo akanyanyuka akatoka. Akasema anaangalia kamba.

Kamba ilikuwa haina shida yoyote.

Wakuu, naomba mnielewe hapa, maana wengine watasema nilijifanya mjuaji. Haukuwa ujasiri. Niliona picha. Nilimuona baba anaingia pale nyumbani kwa hasira, kanishika mkono ananivuta, anapita katikati ya watu haelewi kwa nini wamejaa, anasukuma mlango wa chumba cha bibi, "Mama, muone mjukuu wako." Na bibi yupo vile alivyo.

Angejisameheje?

Nikasema.

"Baba, sina mimba. Sijafukuzwa."

"Sasa?"

"Bibi amefariki. Asubuhi. Wamesema usiambiwe kwenye maji."

Nikamshika shati kwa mikono miwili. Nilishika kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika. Nilikuwa nasubiri ajirushe.

Baba hakujirusha. Aliangalia mikono yangu, kama haelewi ni ya nani.

Halafu akauliza, "Alikuwa amekula?"

"Alikunywa uji."

"Nani alikuwa naye?"

"Mimi."

Akaweka mkono wake kichwani kwangu. Aliuacha pale.

Ndo tukasikia sauti huko nyuma. Nilidhani kiboko kagonga boti. Kumbe ni baba mdogo. Alikuwa kasimama karibu na mashine, amesikia kila kitu kupitia kile kidirisha kisichofunga. Analia. Si kulia kwa machozi, ni ile ya kutoka tumboni, anaita "Mawe! Mawe weee!" Kwa Kirundi ndo mama yangu. Bibi alimlea kwa lugha hiyo.

Halafu miguu ikamuisha. Alianguka kifua juu ya ukingo wa boti, kichwa na mikono vikaning'inia kwenye maji, boti ikalala upande ule.

Baba alitoka kabini sijui hata kwa namna gani. Akamdaka mkanda wa suruali akamrudisha ndani, wakaanguka wote wawili kwenye sakafu ya boti. Mimi nikamulika tochi majini huku napiga kelele, sijui nilikuwa namfukuza nani.

Baba akamkumbatia pale chini. "Nipo. Kaka yako nipo. Lia."

Baba mdogo akawa anasema maneno kwa vipande. "Nilimuona... nikaambiwa nenda... nikaambiwa usilie, kaka atajua..."

Ndo nikaelewa ule mluzi.

Kikao kizima pale uani kilikuwa kinamuhurumia baba. Ataambiwaje, atashikwa na nani, akalishwe wapi. Hakuna aliyekumbuka kwamba na huyu dereva kafiwa na mama yake asubuhi ile ile. Alipewa tochi na petroli. Na mimi niliyemfunika kanga nilipewa uongo wa kubeba.

Kulipopambazuka viboko wakasogea. Baba mwenyewe ndo aliwasha mashine. Baba mdogo alilala kwenye kabini kajikunja benchini, nikamfunika koti.

Nyumbani walikuwa wamejipanga. Mkeka umetandikwa, wazee wawili wamekaa, vijana wenye nguvu wamesimama mlangoni tayari kumdaka baba. Shangazi yupo mbele.

Baba akaingia taratibu, akamshika shangazi mkono. "Pole sana dada. Yuko wapi mama?"

Wazee wakatazamana. Hotuba yao ikabaki mdomoni. Baba akaingia ndani kwa bibi, akafunga mlango, na huko alilia kama watu wengine wanavyolia.

Shangazi akatugeukia sisi. "Nani kamwambia?"

Baba mdogo aliangalia chini, macho yamevimba. Nikasema, "Ni mimi shangazi."

Alinisema mbele za watu wote. Kwamba nina mdomo mrefu. Kwamba nilitaka kuwaulia kaka yao, na ni Mungu tu. Nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho.

Na ukweli, wakuu, hakukosea sana. Nusura tumpoteze mtu kweli usiku ule. Ila hakuwa yule aliyemhofia. Hilo shangazi hajui mpaka leo, tumekubaliana watatu tusilitaje, na ndo linalonikosesha raha. Baba mdogo angeingia majini ningeandika nini hapa?

Tulizika salama. Matanga yalipoisha baba akajiandaa kurudi kambini. Sikutegemea aniombe msamaha, mnajua wazazi wetu. Aliniita tu pale anapofunga mizigo, akasema, "Yale niliyokuambia kwenye boti, yaache huko huko mtoni."

Nikasema sawa.

Akafunga kamba ya mwisho, akaongeza bila kuniangalia, "Likitokea jambo, uje wewe. Nikikuona wewe nitajua nimeletewa ukweli."

Sijui ni heshima au ni mzigo. Tangu siku hiyo simu ya mtu yeyote ikilia jioni pale nyumbani, naanza kutafuta viatu.

Nilichojifunza mimi: siwaambii watu waache ile desturi. Kuna watu kweli huanguka, na maji ni maji. Ila mkimtuma mtu kwenda kuleta mfiwa, muulizeni kwanza yeye kama ameshalia. Na uongo mkiutengeneza, angalieni unamwangukia nani.

Shangazi bado haitikii salamu yangu. Nataka niende kwake Jumapili nikamuombe radhi, ila nikikaa kupanga maneno sijui naomba radhi ya kusema, au ya kilichotaka kutokea baada ya kusema.

Waliowahi kutumwa kubeba habari kama hii, nyie mlisema au mlinyamaza mpaka nyumbani? Nasoma comments zote, hata za kunisema.