Bu Murtini Aliyeuliza Habari za Choo

Mimi ni mtunza dawa katika kliniki ya ngozi hapa Solo, Indonesia, na sina subira na wagonjwa wanaoficha. Bu Murtini, yaani Mama Murtini, muuguzi wetu, anayo tele. Miaka ishirini na sita ya kudunga sindano, sijamsikia akimuuliza mtu, "Kuna tatizo lolote?" Anasema kwa watu wetu swali hilo lina jibu moja tu: hakuna, asante. Nani atake kumsumbua daktari?

Bu Ngatirah aliuza uji sokoni. Mikono yake ilijaa magamba mekundu yaliyopasuka, na ingawa hayaambukizi, wateja walihama. Binti yake Wening alikuwa anaolewa, na harusini kwetu maharusi hupiga magoti, wakashika mikono ya wazazi na kuomba radhi. Mama wa watu alikosa usingizi kwa ajili ya mikono hiyo. Daktari akamwanzishia sindano mpya, ambayo huwafaa wengi. Baada ya wiki sita ngozi ilikuwa imetakata, na sote tukafurahi. Bu Murtini peke yake ndiye aliyeona kwamba mgonjwa amekonda.

Kesho yake alikwenda sokoni, akaketi kwenye benchi la Bu Ngatirah na kuagiza uji. Alipomaliza bakuli akaagiza jingine, kisha la tatu. Anakiri tumbo lilikuwa karibu kupasuka.

"Bu, tangu nikae hapa umekwenda chooni mara nne."

"Maji ya soko haya, Bu."

"Maji ya soko ndiyo yanaleta na damu?"

Bu Ngatirah akakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. "Kidogo tu. Niache harusi ipite. Wiki tatu, nakuomba."

"Sikiliza. Mwilini kuna wajumbe, wanaitwa sitokini. Huyu tunayemzuia kwa sindano, kwenye ngozi yako ni mchochezi, ndiye anayewasha moto. Lakini kwenye utumbo huyohuyo ni msimamizi wa mafundi, anahimiza ukuta uzibwe. Sindano haichagui. Imemfunga mdomo kotekote, na nadhani ukuta wako unavuja."

"Kwa hiyo ni mikono au tumbo."

"Kwa sasa, ndiyo."

Bu Ngatirah alilia. Bu Murtini hakumdanganya kwamba yote yatakuwa sawa. Alikunja mikono ya shati, akamwoshea mabakuli hadi alipotulia, kisha yeye mwenyewe akampeleka kwa daktari. Mimi ningemfokea tu, na angeendelea kuficha mpaka azikwe.

Sindano ikasimamishwa, tumbo likatibiwa, damu ikakoma. Na magamba yakarudi, kama alivyoogopa, siku nane kabla ya harusi.

Tulialikwa, tukakaa safu ya tatu. Bwana harusi, Prasetya, alipopiga magoti, Bu Ngatirah aliificha mikono ndani ya shali. Nikamwona Bu Murtini ameng'ata mdomo. Kijana akangoja, kisha akaifunua shali taratibu, akaishika mikono yote miwili na kuiegemeza kwenye paji la uso wake.

"Mwanangu, itakukwaruza," mama akanong'ona.

"Ikwaruze tu, Mama."

Hakuiachia hadi mshereheshaji alipoanza kukohoa.