Puli Ndogo na Maji ya Harusi ya Zuhura

Wenye kucheka chekeni mapema, maana nina ndevu, nina duka la vitenge pale Masasi, nina mke na wakwe wanaoniheshimu huko Chiwata, na pamoja na hayo yote nikikanyaga Newala hata leo naitwa Mjomba Madumu na watu nisiowajua hata kwa sura. Jina hilo sikupewa bure, nililitafuta mwenyewe kwa spana.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mipaka imefunguliwa, mitumba imejaa mnadani, na mtu aliyeuza korosho zake vizuri au vitenge vyake vizuri alikuwa anaota gari la Kijapani. Mimi sikuota, nilikwenda Dar nikarudi nalo, jekundu, milango miwili, na injini yake (hapa ndipo nilipokuwa navimba kichwa) haina pistoni hata moja, ni ya rotari, tumboni mna vipande viwili vya pembe tatu vinazunguka tu, na sauti yake si ya gari, ni ya nyuki waliochokozwa. Mafundi wa Masasi walikuja kulitazama boneti likiwa wazi, wakatikisa vichwa, wakaondoka bila kugusa kitu, nami nikaona raha isiyo kifani.

Sasa, dada yangu mkubwa, Mama Zuhura, anakaa Newala, na binti yake Zuhura alikuwa anachumbiwa. Siku ya posa nilipokuwa napanda ule mlima wa kuingilia Newala, kilinipita kipikapu kikuukuu cha bluu, na ndani yake Mzee Issa, mjomba wa bwana harusi mtarajiwa, akanipungia kitambaa. Kitambaa! Nililala na kile kitambaa kichwani mpaka nikasafiri tena Dar, na huko muuza spea mmoja akanipa dawa: nitoe ile puli kubwa, kile kigurudumu cha chuma cha mbele ya injini, niweke ndogo, nyepesi, kwa sababu puli ndiyo inayovuta mkanda, na mkanda ndio unaozungusha pampu ya maji na vikorokoro vingine, kwa hiyo puli ikiwa ndogo vile vyote vinazunguka polepole na injini inapata nafasi ya kukimbia. Akaniambia nifungue nati nne ndogo tu, ile kubwa ya katikati nisiiguse hata nikilewa. Nikanunua.

Niliifunga mwenyewe, uani, siku moja kabla ya harusi (ndiyo, siku moja kabla, msiniangalie hivyo). Nati nne nikazifungua, ya katikati nikaiheshimu kama mama mkwe, puli kubwa ikatoka, ndogo ikaingia, mkanda ukalegea kidogo nikaukaza kwa kuisogeza altaneta, basi. Mke wangu, Mama Rehema, alikuwa anachambua mchele pembeni. Akauliza ile kubwa ilikuwa na ubaya gani. Nikamweleza habari ya mwendo. Akafikiri kidogo, akauliza tena, kama pampu ya maji itazunguka polepole, maji si yatakwenda polepole vilevile, na injini si itachemka? Jamani, mtu uko chini ya boneti, grisi mpaka viwiko, unaulizwa maswali na mtu anayechambua mchele!

Nikamwambia, "Mama Rehema, kuanzia sasa sitaki kusikia neno la puli mpaka tufike Newala."

"Haya," akasema, "nimesikia." Akarudi kwenye mchele wake.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinasubiri kule juu, maana bila hicho mtaona ni habari ya gari tu. Kwetu baba wa binti ana kazi yake mbele ya shehe, lakini mwenye mtoto ni mjomba, na bibi harusi hatoki ndani mpaka mjomba aseme neno lake. Zuhura alikuwa bado anasomea uuguzi Ndanda, na upande wa mume walishaanza kunong'ona kuwa mke wa mtu anasoma nini tena. Dada yangu akanikabidhi kazi hiyo: mjomba asimame, azungumze kwa uzito, atoe mtoto kwa sharti amalize masomo. Na Zuhura mwenyewe alikuja dukani kuniomba kwa machozi. Kazi ya pili ilikuwa ndogo zaidi, nibebe maji. Mnaijua Newala wakati wa kiangazi, kuna kila kitu isipokuwa maji, tangi la dada la maji ya mvua lilikuwa limebaki matope, na mimi natoka bondeni na gari, kwa hiyo nilipakia madumu sita ya maji safi ya pilau, mengine kwenye buti, mengine kiti cha nyuma.

Tambarare tulikwenda kama mkuki. Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe na koti, naimba. Mama Rehema kimya, kapu lake mapajani. Tukaanza mlima, gia ya pili, kisha ya kwanza, mzigo mzito, jua la saa tano, na mshale wa joto ukaanza kupanda nao mlima, tena kwa haraka kuliko sisi. Kabla ya kona ya pili boneti likafuka moshi. Nikashuka, nikafungua mfuniko wa rejeta bila kusubiri (hili nalo ni kosa, lakini leo makosa yangu yanapanga foleni), maji ya kutu yakanirukia kifuani, kanzu ikawa rangi ya chai ya maziwa. Mama Rehema akafungua mdomo. Nikanyoosha kidole kumkumbusha. Akaufunga.

Tukasubiri gari lipoe, nikamimina dumu la kwanza. Tukaenda mwendo wa kumaliza kikombe cha uji, likachemka tena. Dumu la pili. Mara nikasikia vigelegele nyuma, kumbe ni kile kipikapu cha bluu, kimejaa akina mama wa upande wa mume na ngoma zao. Mzee Issa akasimama, akashuka, akanisalimia vizuri kabisa, akasema ana kamba, anivute. Nami nikiwa nimetota, kanzu inanuka kutu, nikamjibu kuwa hatuna shida yoyote, tumesimama kuangalia bonde. Akaliangalia bonde. Akaiangalia kanzu. Akasema kweli bonde ni zuri, akapanda akaondoka, na wale akina mama walikuwa wameshapata wimbo mpya kabla hawajafika kona.

Sitawahesabia madumu yaliyobaki. Niseme tu kuwa dumu la mwisho nililishika muda mrefu, nikimwona dada yangu na masufuria yake, nikajiambia mjomba bila maji ni bora kuliko maji bila mjomba, nikamimina. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi walio wangu nilikuwa nawapikia sufuria zima.

Tukaingia uwanjani kwa dada gari linapiga mluzi. Wapishi walikuwa wanatusubiri kwa hamu, moto umeshika, mchele umeoshwa kwa maji ya kuazima. Jimama moja lenye nguvu likakimbilia buti, likashika dumu kwa mikono miwili, likajikaza kulinyanyua kwa nguvu zote za mtu anayenyanyua dumu lililojaa, na kwa kuwa dumu lilikuwa tupu jimama likaruka nalo kinyumenyume mpaka likakaa kwenye ungo wa vitunguu. Kisha mtoto mmoja akagonga lile dumu, likalia ngo, na hapo ndipo kicheko kilipoanza. Dada yangu hakucheka. Alishika kiuno akaniangalia tu, na mimi nikatamani anitukane.

Mama Rehema akashuka taratibu, akapanga khanga yake, akauliza, "Baba Rehema, hapa ni Newala?"

Nikasema ndiyo.

Akaingiza mkono kapuni, akatoa kitu kilichofungwa kitambaa, akakifungua mbele ya watu wote. Puli kubwa. Na nati zake, na spana.

"Basi sasa naweza kusema," akasema. "Nilikuja nayo."

Nikaifunga palepale, na kanzu yangu ya chai, bibi harusi akichungulia dirishani, na Mzee Issa akaondoka na kipikapu chake kwenda bondeni kuteka maji. Ndiyo, waoaji ndio waliotuletea maji ya pilau sisi tuliowaalika. Chakula kiliiva alasiri.

Ikafika zamu yangu ya kusema neno. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzito, na yote ilikuwa imechemka njiani. Nikasimama, watu wakaanza kucheka kabla sijasema, na kwa pembe ya jicho nikaona kivuli cha Zuhura mlangoni, ametulia, hacheki. Nikasahau kanzu. Nikasema, "Mimi mnanijua sasa, sina hata maji. Nina mtoto huyu tu. Mwacheni amalize Ndanda."

Mzee Issa akasubiri kicheko kiishe. Akasema mtoto atasoma, wamekubali mbele ya wote. "Ila tunaongeza sharti letu," akasema. "Kwenda na kurudi shuleni tutampeleka sisi. Kwa gari lako, Mjomba, atafika amestaafu."

Zuhura alimaliza. Ile puli ndogo dada yangu aliniomba, nikampa bila kuuliza ya nini, na nilipokwenda tena nikaikuta jikoni, chini ya mtungi wa maji, mtungi umeikalia vizuri hata hautikisiki. Kila nikifika ananichotea humo kikombe kimoja, ananipa kwa mikono miwili, ananitazama ninavyokunywa. Nakunywa chote. Na nyumbani, Mama Rehema akiniuliza jambo huku anachambua mchele, naweka spana chini, nasikiliza mpaka amalize.