Marahaba Ilipoanza Kuchelewa

Saratani ya baba ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa, na hospitali walituruhusu kurudi naye nyumbani, hapa Tabora, na chupa ya mofini ya maji. Mimi ndiye niliyempimia, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Shule yangu iliishia darasa la saba. Ninayoandika kuhusu dawa ni yale niliyoyashika kwa nesi aliyekuwa akija nyumbani kumwona, na huenda mengine niliyashika vibaya.

Nesi alisema ubongo wenyewe hutengeneza dawa yake ya maumivu, vipande vidogo sana vya protini, ambavyo huenda kukamata vipokezi vilivyo juu ya seli. Mofini nayo hukamata vipokezi hivyohivyo. Kipokezi kikishakamatwa, ndani ya seli amri zinaachana njia. Maumivu yananyamazishwa, choo kinafunga. Na vipokezi vya namna hiyo viko hata pale ubongo unapoendesha pumzi. Huko, amri ni kupunguza.

Baba alifanya kazi reli, kubadili njia za treni, alianzia Tura akaja kustaafia hapa. Alicheka huku amekunja uso.

"Basi ni stesheni yetu hii. Treni inaingia moja, mabehewa mengine Mwanza, mengine Kigoma."

"Umepatia, mzee."

"Sasa si uyazuie ya Kigoma, hayo yanayokwenda kwenye pumzi?"

"Hapo ndipo inapotushinda. Ninachoweza ni kupima tu." Kisha nesi akanigeukia mimi. "Akilala, mwite. Akichelewa kuitika, nipigie kabla hujampa hata tone."

Kwetu baba hatikiswi bega. Kwa hiyo nikawa namwamkia. "Shikamoo, baba." Watu wa rika lake hawaachi shikamoo ipite. Hata akiwa amefumba macho, alijibu, "Marahaba."

Shangazi, dada yake, aliyekuja kutoka Usoke kumuuguza, hakupenda.

"Asubuhi shikamoo, adhuhuri shikamoo, kwani wewe unasafiri unarudi? Mwache kaka yangu alale."

Nisimsingizie ubaya. Kabla ya dawa, ni yeye aliyekuwa akimshika baba alipokuwa anang'ata shuka. Wageni nao walikuja kumjulia hali, wakimkuta amelala wanasema alhamdulillahi, na mimi naitikia pamoja nao.

Halafu baba akaanza kukataa uji, na maji akawa anayalamba tu. Marahaba ikaanza kuchelewa. Nilikuwa naweza kuweka kikombe chini, nikafunga pazia, ndipo ije. Nilijiambia labda ni uchovu. Sina hakika kama niliamini.

Alasiri moja nilimwamkia, kukawa kimya. Mgeni kwenye kiti akakatisha maneno yake. Kifua cha baba kilishuka, kikabaki chini, kikabaki, mpaka nikainuka. Ndipo kikapanda. Nikarudia shikamoo. Midomo ikacheza, sauti haikutoka.

"Saa ya dawa imefika," shangazi akasema. "Mpe kabla maumivu hayajaamka."

"Nampigia nesi kwanza, shangazi."

"Mpaka alie ndiyo uridhike?"

Nesi kwenye simu aliuliza jambo moja tu: anakojoa? Nikasema kidogo sana, tangu jana. Akasema basi dawa haitoki mwilini, inajikusanya. "Usimpe. Nakuja. Kaa naye, usiache kumwita."

Nilikaa, namwita, nikitazama kifua kile kama kitu cha mtu mwingine. Shangazi alisimama mlangoni na chupa mkononi. Jua lilikuwa limeshainama pale vidole vya baba vilipoanza kukunjika. Akaguna. Kisha maumivu yakampanda kutoka nyongani, akapiga ukelele, na kifua kikawa kinakwenda mbio.

"Unafurahi," shangazi akaniambia.

Nilikuwa nafurahi. Sikuweza kukana, na mpaka leo sijui jina la furaha ile.

Nesi alipofika alimpima, akasikiliza pumzi, akakaa naye kitambo, kisha akaniagiza kipimo kidogo kuliko cha zamani, na kwa kupishanisha saa nyingi zaidi. Alimwambia baba mwenyewe kwamba hakitayamaliza maumivu yote. Baba alitazama bomba.

"Ndogo hiyo."

"Ndogo, baba."

Shangazi akamwinua kichwa. Nilipokuwa nammiminia mdomoni, shangazi alitazama ukutani.