Gunia la Maranda na Shingo ya Tavita

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi pale Kitandililo, Makambako, mdogo wangu. Ukungu ulikuwa haujaondoka uwanjani, nami nimesimama mbele ya wenzangu nikijiona mwerevu kuliko wote. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka huo, na jambo nisiloelezwa sababu yake sikulifanya.

Kocha wetu wa raga alikuwa Tavita, Msamoa mwenye mapaja kama magogo ya mpaini, aliyekuja huku kumfuata mkewe daktari. Alikuwa ameichezea timu ya taifa lake hadi Kombe la Dunia, na klabu za Nyuzilandi na Ufaransa. Sisi tulitaka kukimbia na mpira. Yeye wiki nzima alitufundisha kumwangusha mwenye mpira, kwa kupiga magoti na kulikumbatia gunia la maranda.

Vijana wa Makambako tumezoea kupakia viazi. Kila mmoja alilivamia gunia utosi mbele, kama anayejiingiza chini ya lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo. Tavita akapuliza filimbi. "Kichwa pembeni! Macho juu! Rudia!"

"Kocha," nikasema, "tumekuja kucheza au kubembeleza gunia?"

Wakacheka. Kicheko kikaninogea. "Nimesoma habari zako kwenye simu. Kama ulikuwa hodari hivyo, mbona uliacha kucheza ungali kijana?"

"We msomi, unamkosea heshima baba wa watu," alininong'oneza Edga, mpakiaji mwenzetu.

Tavita hakufoka. Alivuta kola ya fulana, akatugeuzia mgongo. Kovu lilishuka kutoka kisogoni hadi kati ya mabega.

"Swali zuri," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Niliweka kichwa mbele ya goti la mtu. Mara moja tu. Miezi minne mke wangu alinilisha kwa kijiko. Sasa piga magoti, kijana."

Nikapiga. Hakuna aliyecheka.

Mwezi uliofuata tulicheza na timu kutoka Iringa. Jitu lao lilinijia mbio, na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Mwili wote ulitaka kuinama kama kwenye viazi. Nikapeleka kichwa pembeni, shavu likasugua paja lake, tukaanguka pamoja. Tulifungwa vibaya siku ile, lakini nilitoka uwanjani kwa miguu yangu.

Hadi leo namstaajabia mtu yule. Angeweza kutusimulia viwanja vilivyojaa watu wakiliimba jina lake. Yeye alichagua kutuonyesha kosa lake, tena mbele ya mpumbavu aliyetaka kumwaibisha.

Sikukatazi kuuliza, mdogo wangu. Mimi mwenyewe sijaacha. Ila uliza kwa sababu unataka kujua, si kwa sababu unataka watu wacheke. Na jibu likija, lipokee, hata kama linakupigisha magoti.

Mungu akulindie mifupa yako, na akukutanishe na mwalimu asiyeona haya kukuonyesha alipoumia.