Nani Anachungulia?

Wiki iliyopita mama yangu alisukuma sahani pembeni akaniuliza, "Mwanangu, hiki ni chakula au ni adhabu?" Nikakiri ni adhabu, maana nilikuwa nimekionja mwenyewe, mara mbili kwa uhakika. Tangu daktari ampunguzie chumvi na mafuta kwa sababu ya presha, nyumba yetu ya hapa mjini, mtaa wa Bilele, ilikuwa inakula ndizi zenye ladha ya maji ya moto. Mama anaonja, anashukuru kwa adabu, anaenda kulala. Gauni lake la kanisani lilianza kumpwaya, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

Nikaenda sokoni. Unanijua, mimi sokoni siendi kununua, naenda kubishana. Nilikuwa nimemkaba muuza ndizi mmoja alipofunua mkungu uliotoka shamba, akavuta jani la mgomba lililoufunika, akalitupa chini. Jua lilikuwa limeshalilegeza. Harufu yake ilinirudisha kijijini Muleba, jikoni kwa bibi, kabla sijamaliza kutaja bei yangu ya uonevu.

Bibi ndiye aliyemzaa mama, na likizo zetu zote ziliishia kwake. Pale mafuta ya kupikia yalikuwa ya wageni, na kopo la chumvi lilikaa juu ya kichanja cha moshi, asikofika mtoto. Hakuna aliyelijua neno presha. Ulikuwa ubahili tu, nami najivunia kuurithi. Lakini chakula chake, ndugu yangu! Maharage yakikaribia kuiva, anapanga ndizi juu, kitunguu, nyanya chungu. Dagaa aliwakausha kwenye kigae kikavu mpaka wakanukia, akawavunjavunja kwa vidole na kuwanyunyiza. Kisha jani. Alilibabua juu ya moto, akiligeuzageuza mpaka likalainika na kung'aa, ndipo akafunika chungu na kuchomeka kingo zake kama anayemfunika mtoto mchanga. Jani bichi hakulitaka. "Hili bado limelala," alisema, akalirudisha motoni.

Baada ya hapo, hakuna kuchungulia. Sisi tuliomenya ndizi, mikono myeusi kwa utomvu, tulijaribu hata hivyo. Ukiinua ukingo kidogo tu, harufu ilimfuata bibi mpaka uani alikokuwa anaanua kahawa, na sauti yake ilifika kabla hujaurudisha: "Iwe! Nani anachungulia?" "Iwe" ndiyo "wewe" ya lugha ya kwetu, na mkosaji alipakuliwa mwisho. Akishaepua, bibi alikamua ndimu, na ulimi ukadhani chumvi ipo tele. Ulikuwa utapeli mtupu, na wateja wote tuliomba kuongezwa.

Basi nikakubali bei ya yule muuza ndizi bila vita, mpaka akanitazama kwa mashaka.

"Ila nyongeza yangu ni hilo jani."

"Kaka, takataka hiyo?"

"Hiyo hiyo. Na mwenzake pale."

Akacheka, akanirushia yote mawili. "Haya, chukua. Wewe hata ufagio wangu utauombea nyongeza."

Nyumbani nililibabua jani juu ya jiko la gesi, nusura niunguze pazia. Nikafunika sufuria ya ndizi na maharage. Mama alikuwa sebuleni, ameshatangaza kwamba hana njaa. Nilingoja kadiri nilivyoweza, kisha nikainua ukingo.

"Iwe! Nani anachungulia?"

Nikaganda pale pale, jani mkononi. Sauti ilikuwa ya mama, ila maneno na ukali wake vilitoka Muleba. Mara nikasikia kandambili zake zinakuja jikoni. Akavuta kiti, akashika upawa mwenyewe.

"Unapakuliwa mwisho," alisema. "Ndimu iko wapi?"

Jiko la bibi halipo tena. Migomba ya nyuma yake ilikatwa, gari la mjomba lipate pa kulala, na kile kigae sijui kilitupwa na nani. Siku hizi jani nililokuwa nalichuma hatua chache kutoka mlangoni nalipata kwa kusihi sokoni. Hasara hiyo nimeipiga hesabu na kuirudia, haipungui.

Lakini siku ile mama alikula, akaongeza, akakwangua sahani. Zamu yangu ilipofika, sufuria ilikuwa imebaki na ukoko wa maharage na lile jani. Nikala ukoko, na kwa mara ya kwanza maishani sikudai nyongeza.