Mpaka Usikie Mlio

Nakumbuka asubuhi moja ya masika nilipotoka Iringa mjini nikiwa nimepakata beringi mapajani, kama mama anayempeleka mwanawe kliniki. Unaijua beringi, mwanangu: ile pete ya chuma yenye gololi ndani, inayoshika mhimili wa mashine ili uzunguke bila kukwaruza. Ilikuwa na ukubwa wa sahani ya wali, nami niliiona kazi yangu ndogo kuliko sahani hiyo.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi uliponiambia umepata kazi Mbeya, kwenye kampuni inayouza vipuri vya viwandani, sauti yako ilishuka mwishoni. Naijua sauti hiyo. Wenzangu niliosoma nao walikuwa walimu na manesi. Mimi nilinuka grisi hata kanisani. Siku nyingine mzigo umekwama bandarini, wateja wanakutukana kwenye simu kana kwamba meli ni yako. Siku nyingine unauza mpaka unaimba. Mpanda ngazi hushuka, na sisi tuliipanda na kuishuka kila wiki.

Mwajiri wangu, Mzee Salimu mwenye duka la vipuri, alizaliwa Iringa, ingawa babu yake alitoka pwani akifanya biashara. Asubuhi hiyo alipigiwa simu kutoka kiwanda kimoja cha chai kule Mufindi: feni kubwa ya kukaushia majani imesimama, beringi imevunjika. Tukapanda pikapu. Nyuma tulikuwa na mikanda ya mashine aliyoiagiza mwenye kiwanda cha mbao pale Mafinga, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Tulipanga tumpitishie wakati wa kurudi.

Tulikuta wakulima wamejaa uani, wengi wao wanawake. Majani ya chai hayajui kusubiri, mwanangu. Yakishaanza kusindikwa yasipokaushwa siku hiyohiyo huchacha, na jasho la watu humwagwa shimoni. Mama mmoja, Mama Tuli, alikuwa amekalia kikapu chake kilichopinduliwa. Nikamwamkia, "Kamwene, mama." Akaitikia, kisha akaniuliza kama nilichobeba ndicho chenyewe. Nikamwambia ndicho.

"Haka kadogo," akasema, "ndiko kametukalisha wote hapa?"

Fundi mkuu, Kalinga, akaipokea beringi, akasaini, akaingia nayo ndani. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya misonobari, na barabara ile ya udongo ikinyeshewa haina huruma. Nikafungua mlango wa gari. Mzee Salimu alikuwa bado ameegemea ukuta wa kiwanda.

"Mzee, tumeshafikisha," nikamwambia.

"Umesikia mlio?"

"Mlio gani?"

"Binti yangu, hawa hawakununua chuma. Chuma wanacho kibao pale jalalani. Wamenunua mlio. Ukiusikia, niite twende."

Masikio yakaniwaka moto. Nikafunga mlango, nikangoja.

Kalinga akawasha. Feni ikanguruma kidogo, ikalia kama mbuzi aliyebanwa, harufu ya mpira ulioungua ikatoka, kimya kikarudi. Beringi ya zamani ilipokuwa inakufa iliunguza na mikanda ya feni, na hakuna aliyegundua. Stoo ya kiwanda haikuwa na mingine. Kwenda Iringa na kurudi katika mvua ile, tungekuta majani yameshaharibika.

Mzee Salimu akaitazama pikapu. Nami nikaitazama. Vipimo vya mikanda ile vilikuwa vilevile. Akaingia ofisini kumpigia simu mteja wa Mafinga, na sauti ya upande wa pili niliisikia nikiwa mlangoni. Aliitwa tapeli, akaitwa Mswahili, akakumbushwa fadhila za miaka yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kweli, kaka, nimekukosea," akasema. "Lakini mbao zako kesho zitakuwepo. Majani ya hawa hayana kesho."

Simu ikakatwa. Mikanda ikafungwa.

Nitasemaje ili unielewe? Taa zilififia, zikarudi. Ukaja mvumo, kwanza kama mvua iliyo bado kwenye mabati ya jirani, kisha ukuta mzima ukaamka. Mtetemo ukapanda kutoka nyayoni mpaka kifuani. Uani hakuna aliyepiga kigelegele. Mama Tuli aliinuka, akaenda ukutani, akaweka kiganja juu ya matofali, akafumba macho kama mtu anayepima homa ya mtoto. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, ukuta ukajaa viganja. Harufu ya chai ikatoka, na mvua ikashuka, na hakuna aliyekimbia. Nikaweka na changu. Kile nilichokipakata njia nzima, sasa kilikuwa kinatikisa kilima.

"Umeusikia?" Mzee Salimu akaniuliza. Nikamwambia twende.

Sikufichi yaliyofuata. Tulikwama matopeni. Mwenye mbao hakununua tena kwetu mpaka alipofariki, na duka letu liliyumba sana. Hata leo nikipita Mafinga nikasikia misumeno, huwa inaniuma kidogo. Kutoa ni moyo, walisema wahenga. Hawakusema kwamba moyo hauumi.

Basi nenda Mbeya, mwanangu, na kichwa chako kiwe juu. Ukiona vyaelea, vimeundwa: kila gunia la mpunga uliokobolewa, kila ubao, kila kikombe cha chai, kuna mtu alikibebea kitu kidogo matopeni. Usikidharau kitu hicho wala mkono wako unaokibeba. Ukishafikisha mzigo, usiondoke, ngoja mlio. Na siku utakapolazimika kuchagua, tazama nani hana kesho, uanze naye, kisha yule mwingine mwambie kwa kinywa chako mwenyewe, na matusi yake uyapokee.

Mungu akupe mgongo wa kubeba na masikio ya kungoja. Na siku moja, ukiwa umechoka na umelowa, akujalie kuweka kiganja chako juu ya ukuta unaopumua. Amina.