Tumbo la Panga

Walimwita Mama Cheche kwa sababu ya nyundo, si kwa sababu ya hasira, ingawa majirani walisema vyote viwili vinatoka kiwanda kimoja. Alikuwa mhunzi. Katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba aliyoachiwa na baba yake, alifua springi za magari yaliyokufa zikawa mapanga makubwa ya kupinda, yale ya wakata miwa.

Akivuta mivuo ya kupulizia moto utadhani amesinzia. Chuma kikiiva, kikaingia rangi ya papai, aliliona panga limelala ndani yake, kama mtu anavyoona sura ya ndugu kwenye wingu. Kazi yake, alisema, ni kuliamsha taratibu lisije likaamka vibaya.

Ndipo akaja kaka yake, mkata miwa tangu ujana, bega la kulia likiwa limeteguka na kupona nusu.

"Msimamizi wa shamba kanipa keshokutwa nijaribu, mara moja tu," alisema. "Nisipomaliza mstari wangu, basi, nafasi anapewa mwingine."

"Na wewe?"

"Mimi nije kukuvutia mivuo, unitukane mpaka nizeeke."

"Kwani hujazeeka?"

Wakacheka. Lakini dada aliona kikombe cha chai kimeshikwa kwa mkono wa kushoto, akaacha kucheka.

Akaingia kazini na huruma yake yote. Alifua panga jembamba, akalipiga tupa tumboni, kwenye upana wake wa mbele, akaendelea kupiga tupa hadi likatulia juu ya kidole chake pale shingoni, karibu kabisa na mpini. Mkononi lilikuwa kama unyoya. Alitabasamu peke yake.

Kaka akalijaribu kwenye matete nyuma ya kibanda. La kwanza, la pili. La tatu akauma mdomo.

"Dada, hili panga au kijiko cha uji?"

"Si jepesi?"

"Jepesi kubeba! Kukata nakata mimi, lenyewe linanitazama tu."

Mama Cheche akamwangalia akirudia. Kila pigo, bega lilipanda juu kusukuma. Panga lililokonda tumbo halina cha kulivuta chini. Mtu ndiye anayelisukuma. Alikuwa amempunguzia kaka yake mzigo wa mkononi, akamwongezea begani.

Alikaa kwenye kigogo, akafumba macho, mkono wake mtupu ukipanda na kushuka hewani kama wa mkata miwa, ukipanda na kushuka. Jirani aliyepita akasalimia, hakuitikiwa, akaenda zake.

Kisha akachochea moto. Safari hii, kwa springi nyingine, aliikondesha shingo, akaiacha nyama yote mbele, pale panga linapopinda, tumbo likajaa karibu na ncha. Lilipopoa, likanolewa na kutiwa mpini, halikukubali kutulia pale pa kwanza kidoleni. Lilitulia mbele zaidi. Ukilishika, liliinamisha pua kama mbuzi aliyeona maji.

"Zito hili!" kaka akalalamika.

"Linyanyue mpaka hapa, kiunoni. Halafu usilisukume."

"Likinikata mguu?"

"Nitakufulia mwingine. Kata!"

Akanyanyua kidogo. Panga likaanguka lenyewe, matete yakalala bila kelele. Bega halikupanda. Kaka aligeuka kumtazama dada yake, akasahau kumtania.

Siku yenyewe, Mama Cheche alisimama kando ya shamba. Watu hawakuonekana, miwa ilikuwa mirefu kuwapita. Vilionekana vilele tu, vikizama kimoja baada ya kingine, kama vinaitwa chini kwa majina. Aliujua mstari wa kaka yake. Ulikwenda polepole. Mahali fulani vilele viliacha kuzama, na yeye akaacha kupumua. Upepo ukapita juu ya shamba lote. Kisha kilele kimoja kikazama, na kingine.

Kaka alitokea wa mwisho, wenzake wameshakaa wanakunywa maji. Msimamizi aliutazama mstari, hakumtazama yeye, akanyoosha kidole upande wa pili.

"Kesho anza na ule pale, mzee."

Kaka akakaa chini, panga likamlalia mapajani. Mama Cheche hakumwita. Alirudi nyumbani polepole, mkono wake ukipanda na kushuka njia nzima, na watoto wa mtaani wakidhani anaongea na mtu.